Bitutu Mbele ya Kamera

Mwaka aliotimiza miaka sabini na moja, Bitutu alianza kuonekana na majeraha yasiyoeleweka. Mara goti limechubuka, mara kiwiko kimefungwa kitambaa, mara ana alama nyeusi kwenye muundi ambayo binti yake Loice aliiona kwa bahati tu, mama alipokuwa akijifunga leso. Kila alipoulizwa, Bitutu alijibu kwamba ameteleza shambani. Shamba lake la chai liko mteremkoni karibu na Nyamache, na mvua za huko zikishanyesha udongo huwa kama sabuni, kwa hiyo jibu lenyewe liliingia akilini. Ila mama huyo alikuwa amechuma chai kwenye mteremko uleule tangu alipoolewa, na hakuwa na mazoea ya kuanguka. Halafu, jambo lililomshangaza Loice zaidi, alikuwa akisimulia maanguko hayo huku anatabasamu.

Loice hushona sare za shule mjini Kisii, katika chumba kilicho juu ya duka la mbolea. Ndugu yake, Ian, anafanya kazi Nairobi. Ian aliposikia habari za goti na kiwiko, alisema basi, mama ahamie kwake. Loice alijua jambo hilo haliwezekani. Bitutu aliwahi kwenda Nairobi kukaa wiki moja akarudi kabla wiki haijafika katikati, akiwaambia majirani kwamba kule hata majogoo hawana saa maalum ya kuwika. Loice akamwomba Ian ampe nafasi ajaribu jambo jingine kwanza. Angeweka kamera nyumbani kwa mama. Akianguka tena, wangemwona, na mtu wa jirani angepigiwa simu mara moja. Ian akakubali, lakini kwa sauti ya mtu ambaye bado anapanga chumba cha mgeni.

Siku iliyofuata Loice alienda kwa Duke, mwenye duka la vyombo vya umeme karibu na stendi. Alikuwa ameshaona kwenye simu kamera iliyo kama balbu, ya bei nafuu sana, akaiulizia hiyo. Duke hakuitoa. Alimuuliza kwanza kama kwa mama kuna stima. Ipo, Loice akasema, isipokuwa mvua ikinyesha. Na mvua hunyesha lini? Karibu kila alasiri. Na waifai? Hakuna. Duke akamweleza kwamba balbu hiyo bila stima na bila waifai ni pambo la dari, na kwamba fedha zake zitakuwa zimetupwa, hata kama ni kidogo. Seti kubwa yenye kamera nne na sanduku la kurekodia ilikuwa ghali, tena ilihitaji mtu wa kukaa mbele ya runinga kutwa nzima kama mlinzi.

Mwishowe akamshushia moja tu: ya sola, yenye laini yake ya simu, inayogeuza shingo, inayosikia na kusema, na inayohifadhi picha kwenye kadi ndogo ili pasiwe na malipo ya kila mwezi. Akamwonya asikae akiitazama mchana kutwa, maana bando litaisha kabla ya Sabato. Aiache yenyewe, mtu akipita, itaiarifu simu yake. Na kabla hajalipa, ampigie mama amuulize ni laini gani inayoshika vizuri pale nyumbani. Loice akapiga. Bitutu akajibu kwamba inayoshika ni ile ya rafiki yake Ruth, tena ukisimama karibu na tangi la maji. Hapo ndipo Loice akajua laini ya kununua na mahali pa kupachika kamera.

Siku ya kuiweka, Bitutu alimfuata fundi kila hatua. Aliuliza inaona umbali gani. Aliuliza kama inaona usiku, kama inasikia minong'ono, kama inaweza kutazama nyuma ya nyumba, kule kwenye stoo. Fundi akamwambia kwamba inaona ua wa mbele, kuanzia lango hadi mlangoni, lakini nyuma ya nyumba haifiki. Bitutu akashusha pumzi, akamkaribisha fundi chai na mayai mawili. Loice aliona hiyo pumzi lakini hakuipa maana yoyote. Alidhani mama amechoka.

Siku za kwanza zilikuwa raha tupu. Simu ya Loice ililia kwa ajili ya kuku, kwa ajili ya ng'ombe wa jirani, kwa ajili ya Ruth akija kuazima jembe. Kila asubuhi Bitutu alisimama chini ya tangi, akaitazama kamera kama anayemtazama mtu mrefu, akaamkia kwa Kikisii, "Bwakire buya, Loice," kisha akasubiri ajibiwe. Akijibiwa, aliruka kidogo, kila siku, kana kwamba hakutarajia. Alianza kuonyesha vitu. Aliinua parachichi. Aliinua kifaranga kipya. Siku moja alileta sweta mbili, ya kijani na ya zambarau, akauliza ipi avae kanisani, na wateja watatu wa Loice wakainama juu ya simu na kupiga kura. Zambarau ikashinda.

Ikaja Jumanne. Loice alikuwa akimpima mwalimu mmoja mabega, futi iko shingoni, sindano ziko mdomoni, simu ikalia mezani. Akatupa jicho. Ua ulikuwa mtupu, ila kuku walikuwa wakikimbia wote upande mmoja. Halafu, kutoka pembe ya nyumba, akatokea mama yake juu ya pikipiki. Sketi ilikuwa imekunjwa na kufungwa kiunoni, ndani yake suruali ya marehemu mumewe, kofia nyekundu ya pikipiki kichwani, miguu yote miwili imenyooshwa pembeni kama ya bata anayetua. Akapita mbele ya kamera kutoka kushoto kwenda kulia, akatoweka. Ua ukabaki na vumbi. Kisha akatokea Ruth, mwanamke wa makamo hayohayo, anakimbia nyuma yake huku mikono iko juu, anasema, "Klachi! Mama Loice, klachi!" Naye akatoweka.

Loice alitema sindano. Aliitwaa simu, akabonyeza pale pa kusemea, akaita, "Mama!"

Bitutu alikuwa amekwisha kugeuza pikipiki na anarudi. Alipoisikia sauti ya bintiye ikitoka tangini, alifanya kile ambacho amefanya maisha yake yote akiitwa na mtoto: aligeuka kutazama. Pikipiki haikugeuka naye. Ilienda mbele polepole, kwa heshima, ikaingia kwenye majani ya ng'ombe na kuzimika. Majani yalitikisika. Halafu kikasikika kicheko, kwanza cha mmoja, kisha cha wawili, kile kicheko cha wasichana waliofukuzwa darasani.

Baada ya muda kofia nyekundu ilikuja chini ya tangi, ikasogea karibu mno hata pua ikajaza kioo cha simu. Kwenye kofia kulikuwa na jani limesimama.

"Loice," ikasema ile pua, "umekula?"

Loice alifunga duka. Yule mwalimu aliyekuwa akipimwa mabega aliondoka bila kuambiwa, akijifuta machozi ya kucheka. Njia nzima ya kwenda Nyamache Loice alipanga maneno ya kusema, maneno makali, yenye umri wa mama na mifupa ya mama ndani yake. Alipofika, aliwakuta wanawake wawili wameketi kwenye benchi wanakunywa chai, na pikipiki imesimama mbele yao, imeoshwa.

Aliitambua. Ilikuwa ya baba yake, Ratemo, aliyefariki miaka kadhaa nyuma. Kwa pikipiki hiyo Ratemo alimpeleka Bitutu sokoni, kanisani na hospitalini, na mara zote Bitutu alikaa nyuma, amejipachika upande. Aliwahi kuomba afundishwe. Ratemo alisema, tutaona. Alipokufa, pikipiki iliwekwa kwenye stoo na kufunikwa magunia, na Bitutu akaanza kungoja boda boda wampelekee majani yake ya chai kwenye kituo cha kununulia, kule chini barabarani. Siku nyingine walikuja kwa wakati, siku nyingine walikuja majani yakiwa yamekwisha kunyauka, na karani akayakataa. Ruth, aliyekuwa muuguzi na aliyezunguka vijijini kwa pikipiki miaka mingi akipeleka chanjo, ndiye aliyechoka kusikiliza malalamiko. Alimwambia Bitutu kwamba kulalamika hakujawahi kuteremsha gunia. Wakamwita fundi, pikipiki ikafufuka, na masomo yakaanza. Jeraha la goti lilitoka hapo. La kiwiko pia. Kamera ilipokuja, walihamia nyuma ya nyumba, lakini kule hakuna nafasi ya kugeuzia, na Jumanne hiyo Bitutu alishindwa kukata kona, akajikuta mbele ya ulimwengu.

"Mama, ungeniambia," Loice akasema.

"Ningekuambia, ungenikataza."

"Ningekukataza."

"Basi unaona."

Loice akayaacha yale maneno makali aliyoyapanga njiani. Alimtazama mama yake, mashavu mekundu kwa udongo, macho yanang'aa kama ya mtu aliyeshinda mchezo, akagundua kwamba hajamwona hivyo tangu baba alipofariki.

"Nionyeshe," akasema.

Bitutu hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alivaa kofia, akapiga kiki, pikipiki ikanguruma, naye akazunguka ua mara moja, wima kabisa, midomo imebanwa kwa makini. Alipokaribia tangi aliondoa mkono mmoja akaipungia kamera, Ruth akapiga kelele, mkono ukarudi. Loice alicheka hadi akalazimika kushika ukuta. Alicheka kwa hofu, kwa fahari, na kwa ile suruali ya baba.

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba Ian naye ana kamera hiyo kwenye simu yake. Simu ya Ian ilikuja kabla hajamaliza kuwaza. Loice aliipokea akiwa tayari kugombana. Ian akasema kwamba aliiona safari ya mama akiwa kwenye mkutano, kwamba alicheka mbele ya mkubwa wake, na kwamba alipoulizwa kuna nini alishindwa kueleza ikabidi awaonyeshe watu wote. Mkubwa wake aliomba irudiwe. Ian hakusema chochote kuhusu kuhamia Nairobi. Alisema mama anunuliwe kofia nzuri, si hiyo nyekundu ya zamani, apelekwe shule ya udereva Kisii, na asitoke barabarani bila leseni. Bitutu, aliyekuwa akisikiliza na sikio limebandikwa kwenye simu, akajibu kwamba kofia aipendayo ni ya buluu.

Kwa hiyo alienda shule. Wanafunzi wenzake walikuwa vijana wa boda boda waliomwita magokoro, yaani bibi, na waliomshangilia kila alipopita kati ya vigingi bila kugusa. Kilichomsumbua ni kona. Ruth alisema analalia upande usiofaa, Bitutu alikana, wakabishana hadi ikabidi ushahidi utafutwe. Bitutu akaja mjini mwenyewe, akampitia Loice, wakaenda dukani kwa Duke, na Bitutu akasema anataka kamera ya pili, ya kutazama njia ya nyuma mpaka kwenye kona.

Duke alimletea nzuri yenye taa kali. Aliikataa; ingewasumbua kuku. Alimletea iliyo kama ile ya kwanza. Bitutu akauliza kwa nini ilipiwe laini nyingine, ilhali hakuna mtu wa Nairobi anayehitaji kuiona kona yake. Alichotaka ni kamera ndogo, ya sola, inayorekodi kwenye kadi tu, ambayo yeye na Ruth wangeitazama jioni kwenye simu ya Ruth. Duke akakiri kwamba anayo, na kwamba ndiyo ya bei ya chini kuliko zote za nje. Bitutu akaulizia mvua. Duke akasema haiingizi maji. Bitutu akamwomba aimwagie maji. Duke akamtazama Loice, Loice akatazama dari. Duke akachukua chupa, akaimwagia kamera maji juu ya kaunta yake mwenyewe, na ilipoendelea kufanya kazi, Bitutu akampigia makofi.

Jioni ya kwanza walipoitazama ile kona, ilionekana kwamba Ruth alisema kweli. Bitutu alikubali kwa uzito, kama timu inayokubali bao, na kufikia mwisho wa mwezi alikuwa anaikata kona hiyo vizuri kuliko mwalimu wake. Mtihani aliupita. Mtahini alimuuliza mara mbili mwaka wa kuzaliwa, si kwa shaka, alitaka tu kuusikia tena.

Siku ya kwanza ya kupeleka majani mwenyewe, alifunga gunia nyuma, akateremka taratibu hadi kituoni, akaegesha kando ya foleni. Watu waligeuka kutazama. Karani alipima majani, yakiwa bado mabichi yanang'aa, akayapokea bila kuondoa hata jani moja. Bitutu alikuwa akiwasha pikipiki ili arudi, mwanamke mmoja aliyekuwa na kapu tupu mgongoni akamsogelea, akaligusa tangi la mafuta kwa kidole, akauliza kama anaelekea juu.

Bitutu akafungua kofia ya akiba aliyoazimwa na Ruth, akampa.

"Panda," akamwambia. "Shika hapa kiunoni. Ukitaka kupiga kelele, piga, mimi sitageuka."

Wakaondoka. Waliobaki kwenye foleni walimsikia yule abiria mlima mzima, hadi kule juu kwenye migomba, na hakuna aliyeweza kusema kama anaomba au anaimba.