Kibuyu Nilichokisugua

Mpaka leo nikinusa maziwa yenye moshi naona aibu, kisha natamani Garissa. Wakati wa vita vya mashifta, wale waasi wa Kisomali, nilitoka Nyeri kwenda kuwa yaya kwa Mama Hawa. Kwetu walinililia kana kwamba navuka mpaka.

Siku ya tatu nikakuta kibuyu cha maziwa kina masizi ndani. Watu hawa wana bahati wamenipata! Nikakisugua kwa sabuni na mchanga mpaka kikatakata.

Jioni Hawa mdogo akaonja maziwa, akayatema, akalia. Mama yake akaingiwa na hofu, maana kafyu ilikaribia na hospitali ilikuwa ng'ambo ya kizuizi cha askari. Akaitwa shehe jirani amsomee dua, huenda ni jicho la husuda. Mimi Mkristo nikainua mikono, nikaitikia "Amina" kuwashinda wote.

Nyanya yake, tuliyemwita Ayeyo, alikinusa kibuyu, kisha akainusa mikono yangu.

"Moshi hii natia mimi mwenyewe, maziwa ikae tamu, tangu baba ya Hawa iko mtoto," akasema polepole. "Wewe naosha yote?"

Shehe akashusha mikono. Nami, mikono ikiwa bado juu, nikaitikia, "Amina."