Niliwachekesha Watu kwa Mazishi ya Mama wa Rafiki Yangu

Mkosaji ni mimi. Naanza hivyo ili usipoteze muda kumtafuta mwingine. Hata shetani leo namwacha apumzike, siku ile hakuwepo. Nilikuwepo mimi na wivu wangu.

Ni mzee wa Tanga, fundi cherehani hapa Hillbrow, huku kusini mwa Afrika, ghorofa ya nne, lifti imekufa tangu sijaota mvi. Shule niliacha darasa la tatu kwa sababu ya mwalimu mmoja mkali, lakini hayo tuyaache. Kusoma nasoma kwa kukokota. Kusimulia ndiko nilikojaliwa. Kwenye harusi, kwenye akika, hata msiba ukishapoa, Waswahili wa jengo letu huniambia, "Mzee, tupe moja," nami nawapa.

Nina rafiki, nimwite Sefu, si jina lake. Tumetoka mtaa mmoja. Mwaka ule wa vurugu za mtaa wa Alexandra, nilikokuwa nakaa, wageni tulipokuwa tunafukuzwa kwa mapanga, yeye ndiye aliyenipokea, mimi na begi moja na kichwa cha cherehani nilichokipakata kama mtoto. Nililala sebuleni kwake miezi mitano. Mtu huyo ndiye niliyemwonea wivu! Pima mwenyewe.

Wivu ulianza kidogo kidogo. Sefu alifungua kiduka kule Soweto, spaza kama wasemavyo hapa, kikashika. Akanunua kochi la ngozi. Nikasema moyoni, sawa, kochi tu. Akanunua friji ya milango miwili inayotema barafu yenyewe. Siku ile nilipanda kwake ghorofa ya sita kuomba maji mara tatu, ili niione ikitema. Nikirudi kwangu, kile kifriji changu ninachokiegemezea tofali mlango usifunguke nakiona kama kimenitukana.

Kisha ikaja runinga. Eish, walioibeba walipumzika kila ghorofa! Nilifunga mlango wangu nisiione, halafu nikachungulia kwenye tundu la ufunguo.

Basi. Siku hizo mjukuu wangu wa kike, aliyezaliwa hapahapa, Kiswahili anakisikia ila anajibu Kizulu na Kiingereza, alipewa shuleni kitabu cha Mwingereza mmoja wa siku hizi. Nikishona ananisomea na kunieleza. Kitabu cha kejeli. Kuna mtu na mkewe huko Uingereza, jirani akinunua kitu nao wananunua, mpaka nyumba inajaa. Mwishowe mama mzazi wanamhamishia stoo, kwa kuwa chumba chake kinatakiwa na viatu. Nilicheka mpaka sindano ikanichoma kidole.

Mjukuu hakucheka sana. "Mkhulu," akaniambia, ndivyo Wazulu wanavyomwita babu, "huyu mwandishi hamcheki jirani. Anajicheka yeye na watu wake." Nikamwambia ndiyo, ndiyo, soma mbele.

Sasa sikia nilivyoharibu.

Mama yake Sefu aliugua Tanga. Sefu hakuweza kwenda. Karatasi zake zimekwisha muda, akitoka nchi hii harudi, na mke na watoto wako hapa. Mama alipofariki, mpwa wa Sefu alisimama makaburini na simu, akimrushia picha. Sefu akaiunganisha simu yake na ile runinga. Aliniita mimi peke yangu.

Nilikaa naye juu ya lile kochi. Alilia bila sauti, ameushika mkono wangu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa natazama picha ilivyo safi. Majani ya makaburini ungeyahesabu. Mwenzangu anamzika mama, mimi napima upana wa kioo kwa macho, nasema moyoni, huyu hata msiba wake ni wa kitajiri.

Akaniomba yasitoke mle ndani. Aliona aibu kwamba amemzika mama yake kama mtu anayetazama mpira. Nikamwahidi.

Baadaye kukawa na akika ya mtoto wa jirani. Pilau imeliwa, watu wamejaa, wakaniomba moja. Nikawapa ya yule Mwingereza, jirani, viatu, stoo. Watu hoi! Kicheko nacho, ukishakionja unataka kingine. Nikamtazama Sefu. Amevaa kanzu mpya ya darizi, kainunua duka la Sandton, kule kwa matajiri, hakunipa mimi nimshonee. Usiseme ulimi uliteleza. Niliupeleka mwenyewe.

Nikasema, yule Mwingereza mama yake akafa, na kuzika hakwenda. Alikaa kwenye kochi lake la ngozi, akafungua runinga pana kama ukuta, akamtazama mama yake anashushwa kaburini, na friji pembeni inatema barafu.

"Alikuwa na soda?" mmoja akauliza.

"Ya baridi," nikasema.

Walicheka wote. Kisha waliowahi kuingia kwa Sefu wakalikumbuka kochi, wakaikumbuka friji. Wakanyamaza mmoja mmoja, macho yakamgeukia.

Sefu aliinuka taratibu, akanijia. Nilitamani anipige.

"Kaka," akasema, "mimi nina mtoto wa jicho. Nikiongea na mama kwenye simu, uso wake nilikuwa siuoni. Ndiyo maana nikanunua kubwa."

Akavaa viatu, akatoka.

Mwezi haukuisha, akahamia Soweto. Nilimfuata. Mkewe alinipa kiti, akanipa chai, akasema mzee amelala. Nami namsikia akikohoa nyuma ya pazia. Nimekwenda mara tatu, mara tatu amelala. Na hapa jengoni, watu wakija kupimwa suruali wananyamaza mpaka nimalize. Hakuna anayeniambia "tupe moja".

Wewe unayesoma, ikiwa mwenzako amenunua kitu na roho inakuuma, mwambie usoni, "Bwana, hicho nakitamani." Atacheka, atakukalisha, utakitazama mpaka ukichoke. Mimi mlango nilifunguliwa kila siku, nikaona vitu tu. Na akikupa siri yake, usiivike suti ya Kizungu ukaipeleka kwa watu. Mimi fundi nakwambia: wataitambua, na wa kwanza kuitambua ni mwenyewe.