Mwalimu Kahonzi na barua ya chifu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mwalimu Caroline Kahonzi Thoya amesimama langoni na daftari la wachelewaji kwapani. Kengele haijalia na hakuna aliyechelewa bado, lakini daftari analo. Wanafunzi wanapita mbele yake mmoja mmoja, wanasema shikamoo mwalimu, kisha wanaharakisha kabla hajawatazama soksi.

Tuktuk inasimama. Anashuka mwanamke mrefu wa buibui jeusi, mkoba mkononi na bahasha ya karatasi za mtihani kifuani. Wale wale waliokuwa wakikimbilia madarasani wanageuka, wanamkimbilia yeye. Mmoja anapokea mkoba, mwingine bahasha, wa tatu amekosa cha kubeba na uso umemshuka.

Ng'ambo ya barabara, Nyevu Kaingu, muuza viazi vya karai, anainua kijiko chake cha matundu kutoka kwenye mafuta. "Bi Shekha, sabalkheri! Umeamkaje dada?" Bi Shekha, ambaye ndiye mwalimu mkuu, anajibu, anauliza habari za watoto, anacheka.

Kahonzi yuko pale pale, hatua kumi kutoka kwenye karai, kwa dakika ishirini sasa. Nyevu hajamwambia hata neno.

"Umeona?" ananiambia bila kugeuza kichwa. "Mwaka wa tatu huu."

Nimekaa na walimu wengi katika kazi hii ya uandishi wa habari, na wote huniambia wanaishi na wakubwa wao kama ndugu. Kahonzi ni wa kwanza kunieleza vingine kabla chai haijapoa.

"Andika kwamba nina wivu," anasema tukiwa tumeketi chini ya dirisha la stoo ya vitabu, ambayo pia ndiyo ofisi yake. "Jina langu liandike. La shule liache, watoto hawana kosa."

Basi shule tutaiacha. Inatosha kusema iko pembezoni mwa Kisumu Ndogo, mjini Malindi, na ina wanafunzi 1,140 na walimu 21. Gredi ya Nne peke yake ina watoto 83 katika chumba kimoja, na wa nyuma huandikia magotini. Zaidi ya nusu ni Wagiriama ambao wazazi wao walihamia mjini kutafuta kazi. Wapo Waswahili na Wabajuni, wapo Wajaluo ambao mtaa umechukua jina la kwao, wapo Wapokomo na Wakamba wachache. Ijumaa saa sita kasoro wengine wanakwenda msikitini na wengine wanabaki wakifagia. Kuiongoza shule ya namna hii ni kazi, na aliyeketi kwenye kiti cha mwalimu mkuu hutazamwa kabila lake kabla ya kutazamwa anachofanya.

Kahonzi ana miaka 53. Alizaliwa Vitengeni, akatembea kilomita sita kwenda shule na sita kurudi. Amefundisha miaka 28, kumi na minne kati ya hiyo katika shule hii, na naibu amekuwa kwa miaka tisa. Anakaa vyumba viwili vya kupanga na binti yake aliye chuoni. Mwalimu mkuu wa zamani alipostaafu, yeye ndiye aliyekaimu mwaka mmoja na miezi minne. Alifungua ofisi, akafunga ofisi, akawa anajua hata bati lipi huvuja mvua ikitokea upande wa baharini.

Kisha mahojiano yakaitishwa, na kiti kikapewa Shekha Mansur, mwenyeji wa Mambrui, aliyemzidi mwaka mmoja wa kazi.

"Nilimpigia makofi siku ya kumkaribisha," Kahonzi anasema. "Mikono ilipiga. Roho ilikataa."

Lakini wivu wa cheo, anasema, angeweza kuumeza. Wengi wameumeza na wamestaafu nao. Uliomshinda ni ule uliokuja mwezi wa pili baada ya Bi Shekha kuingia.

Mwezi huo alifariki mama yake Baya Gona, mwenyekiti wa wazazi. Mazishi yalikuwa Vitengeni, na kama ilivyo desturi ya Wagiriama, waliofiwa walikaa hanga, yaani matanga yao, kwa siku kadhaa. Jamaa wote hukusanyika, watoto nao huhesabiwa, na asiyefika huulizwa hadi uzeeni. Shuleni watoto kumi na mmoja wa ukoo ule hawakuonekana. Kahonzi aliwaandika utoro, kama alivyowaandika wengine siku zote.

Kumbe Bi Shekha alikuwa amekwisha kuwapa ruhusa. Aliwaita walimu wa madarasa, akaomba kazi ya wiki nzima iandikwe kwenye madaftari, akamkabidhi binti mmoja wa ukoo aliyemaliza sekondari awasimamie watoto kila asubuhi kule kule matangani. Siku ya pili akapanda gari mwenyewe hadi Vitengeni. Akafunga leso juu ya buibui, akaketi mkekani na wanawake saa tatu.

Kahonzi aliiona picha kwenye simu, katika kundi la walimu. Bi Shekha katikati ya mama za Kigiriama, amekunja miguu, na mmoja wao amemshika mkono.

"Vitengeni ni kwetu," anasema, na hapa sauti inapanda. "Nyumba ile iko karibu na ya baba yangu. Yeye yuko pale, mimi niko hapa napiga alama za utoro. Nilijifungia ndani ya stoo hii nikalia hadi kengele ya saa kumi."

Watoto walirudi na madaftari yamejaa. Mkutano wa wazazi uliofuata, viti havikutosha. Wakati wa Kahonzi walikuwa wakija sitini, sabini ikiwa ni siku ya matokeo. Siku ile walifika zaidi ya mia tatu, na Baya Gona alisimama akasema kwamba shule imepata mama.

"Sasa mimi nilikuwa nani miaka yote ile? Shangazi?"

Ndipo nikamuuliza: kama Vitengeni ni kwao, mbona yeye hakutoa ruhusa hizo?

Anafuta vumbi kwenye rundo la vitabu ambalo halina vumbi.

Alipopewa unaibu, anasimulia, maneno yalianza siku hiyo hiyo katika chumba cha walimu, kwamba sasa Wagiriama wameishika shule na mtaona watakavyobebana. Hakuna aliyemwambia usoni. Aliyasikia akipita dirishani. Akaapa kwamba hatapatikana mtu wa kusema Kahonzi anapendelea wake. Akaacha kuzungumza Kigiriama ndani ya lango. Mzazi akimsalimu kwa Kigiriama, yeye anamjibu kwa Kiswahili, tena kile cha barua. Na kwa watoto wa matanga akatunga sharti ambalo Mswahili wala Mjaluo hakuwahi kuulizwa: mzazi alete barua ya chifu.

"Wengine nikiwaruhusu hakuna neno," anasema. "Wangu nikiwaruhusu, nimependelea. Kwa hiyo nikawabana wao. Nikaona ndiyo haki."

Miaka mitatu iliyopita, aliyebanwa alikuwa Nyevu, huyu wa viazi vya karai. Mama yake alikuwa amefariki Vitengeni. Alikuja ofisini akiwa bado na vumbi la safari, akasalimu kwa Kigiriama, akaomba binti yake Mapenzi, wakati huo Gredi ya Nne, apewe wiki. Kahonzi hakumwambia pole. Walimu wawili walikuwa ndani na alijua wanasikiliza. Akamwambia kwa Kiswahili safi kwamba taratibu zinataka barua ya chifu, na mlango uko pale.

Nyevu alimchukua mtoto akaenda. Mapenzi aliporudi alisimamishwa mbele ya paredi pamoja na watoro.

Yote haya Kahonzi anayasema akitazama nje. Kisha anaongeza jambo ambalo sikumuuliza, na ambalo ningependa mno asingekuwa nalo.

"Yule bibi aliyekufa ndiye aliyekuwa akinipa uji nikitoka shule. Kwetu kulikuwa na siku hakuna. Nilikuwa napita kwake kwanza, nakunywa, ndipo naenda nyumbani. Sikwenda kumzika."

Bi Shekha nilimtembelea alasiri hiyo hiyo. Ni mtu wa maneno laini na kicheko cha karibu, na nilikuwa tayari kusikia sifa za naibu wake, zile za kuandikiwa. Badala yake alifunga mlango.

"Wallahi mimi ndiye namwonea kijicho Kahonzi," alisema.

Nilidhani ananitania. Akanieleza habari ya Maulidi. Kahonzi alipokuwa akikaimu, watoto wa Kiislamu waliokuwa wakienda Maulidini Mambrui aliwapa siku mbili, hakuuliza barua wala mhuri. Bi Shekha alipokuja, mwenyeji wa Mambrui hasa, alizifuta siku hizo. Aliogopa. Alijua wangesema mwanamke wa buibui ameigeuza shule madrasa.

"Mzee Omar, jirani yetu, alinisimamisha sokoni watu wakisikia. Akaniambia, Mgiriama alitupa Maulidi yetu, wewe mwenzetu watunyima. Nilitamani ardhi ipasuke. Hadi leo nikenda harusini kwetu, wamama wauliza habari za Mwalimu Kahonzi. Mimi niko mbele yao, hawaniulizi."

Wanawake wawili, milango inatazamana, kila mmoja amekuwa mkarimu kwa watoto wa mwenzake na mgumu kwa wa kwao, na kila mmoja anamwonea mwenzake donge kwa mapenzi ya watu wake mwenyewe. Nilipomrudishia Kahonzi habari hii, kwa ruhusa ya mwenyewe, alicheka hadi akavua miwani.

"Nimefurahi," alisema. "Mungu anisamehe, nimefurahi sana."

Furaha haikukaa. Mwisho wa muhula huu Bi Shekha anahamishiwa shule kubwa zaidi upande wa Mnarani, na kiti kiko wazi tena. Mahojiano ni tarehe 14 mwezi ujao. Kwa umri wake, Kahonzi anaamini hii ndiyo nafasi ya mwisho. Bodi ya shule itaulizwa maoni, nayo itawauliza wazazi.

Alimwendea Baya Gona kuomba amsemee. Mwenyekiti hakumzungusha. Alimwambia kwamba yeye hana neno naye, lakini kina mama wa mtaa humsikiliza Nyevu, na Nyevu akinyamaza tu siku hiyo, watu wataelewa.

"Kwa hiyo kiti changu kiko kwenye karai la viazi," Kahonzi anasema, na hatabasamu. "Nimewatumikia wakubwa miaka tisa. Atakayeniamua ni mama niliyemfukuza ofisini."

Jumamosi, saa tisa alasiri, anakwenda. Ananiruhusu nifuate nyuma. Amefunga leso kiunoni na amebeba mfuko wa unga na sukari, kama aendavyo mtu matangani. Njiani anasimama mara mbili kufunga upya leso ambayo haikulegea.

Nyevu yuko uani anamenya viazi, beseni mbele yake. Mapenzi, sasa msichana wa Gredi ya Saba, anamwona mwalimu na kukurupuka kuleta kiti.

Kahonzi anasalimu kwa Kigiriama. Si salamu ya kupita. Ni ile ndefu ya nyumbani, inayouliza hali ya watoto, boma na wote waliolala humo. Tangu asubuhi ile ya langoni sijamsikia akizungumza lugha hiyo, na sauti yake inakuwa ya mtu mwingine, mdogo zaidi.

Nyevu anaendelea kumenya. Anamaliza kiazi kimoja, anakitupa majini, anachukua kingine. Ndipo anajibu, kwa Kiswahili safi kabisa, kile cha barua.

"Karibu mwalimu. Umekuja na barua ya chifu?"

Mapenzi anatazama chini. Kahonzi amesimama na mfuko wake, na kwa muda nadhani atageuka aondoke. Hageuki. Anakipita kile kiti, anaketi chini kwenye mkeka uliochakaa, anakunja miguu. Anaanza kuzungumza, kwa Kigiriama bado, polepole. Mimi si Mgiriama. Ninachoshika ni jina la Vitengeni, na neno uji, na jina la bibi, mara tatu. Kisha hawezi kuendelea, anajifuta uso kwa pindo la leso.

Kisu cha Nyevu kimesimama.

Hamkumbatii. Hamwambii yamekwisha. Ananyoosha mkono nyuma yake, anatoa kisu cha pili, anakifuta kwenye kanga, anakiweka mbele ya mwalimu. Wanamenya hadi beseni linajaa.

Tunaporudi, jua limeshuka na vidole vya Kahonzi vina weusi wa viazi. Namuuliza kama Nyevu atamsemea. Anasema hajui, na hakumuuliza, kwa sababu mtu haendi kwenye msiba na fomu mkononi. Anachojua ni atakachofanya. Kiti akikipata, barua ya chifu ataifuta siku ya kwanza, na madaftari ya matanga ataendelea nayo kwa watoto wote, wa hanga na wa Maulidi. Akikikosa, Jumatatu itakayofuata atakuwa langoni saa kumi na mbili na nusu, na atakayemsalimu kwa Kigiriama atajibiwa kwa Kigiriama, walimu wote wakisikia.

Na wivu kwa Bi Shekha, je, umekwisha?

Ananitazama kama anayemtazama mwanafunzi aliyeuliza swali ambalo jibu lake liko ubaoni.

"Utaishaje? Yeye alifika matangani siku ya pili. Mimi nimefika mwaka wa tatu."