Surua Iliishia Chumbani Mwangu

Mnaonijua mnaniita Mama Yosua, fundi cherehani kutoka Bukavu. Kabla ya kurudishwa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi, nilipanga chumba mtaa wa Area 49, Lilongwe, nikishona sare za kwaya. Na mimi ni mbishi, sifichi.

Siku moja wahudumu wa chanjo walipita nyumba kwa nyumba wakiandika majina ya watoto. Sisi wakimbizi wa mjini tunaogopa daftari kuliko nyoka. Nikadhani ni orodha ya kuturudisha kambini. Nikafunga mlango, nikamziba Yosua mdomo mpaka wakaondoka. Baadaye serikali ikatukusanya wakimbizi wa mjini, kambini nikarudishwa vilevile.

Dzaleka tumebanana. Jirani akipiga chafya, unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Hapo Yosua akashikwa na homa, macho mekundu, vipele vikianzia nyuma ya masikio. Alipoanza kupona, nikaanguka mimi. Utotoni kwetu kulikuwa na vita, chanjo sikuipata. Mdomo ulijaa vidonda. Niliharisha hadi nikajichafulia shuka.

Kliniki, muuguzi aliuliza kupitia mkalimani, "Kuna mtoto mchanga karibu nanyi?"

Nikalia. Upande wa pili wa ukuta wangu analala Divine, wa miezi minne, bado mdogo kwa sindano ya surua. Mama yake, Mrundi, ndiye aliyeninywesha uji na kufua shuka zile.

"Mama Divine, usikuje tena," nilimwambia. "Nitakuulia mtoto."

"Mi niliuguaka surua utotoni, hainirudii. Divine iko kwa bibi yake, nyumba ya tatu. Na batoto ba huku bote balichanjwa. Balicheza na Yosua wako, nani aliugua? Kunywa uji."

Wiki tatu niliogopa. Kila Divine alipolia kwa bibi yake, niliacha kupumua nisikilize kama anakohoa. Hakuugua. Tulipona sote.

Watoto wa majirani waliochanjwa ndio waliomkinga, surua ikakosa njia ya kumfikia, na mama zao waliokubali kuandikwa. Nawashukuru, na Mungu, na wauguzi. Wenzangu, daftari lile si la kutufukuza. Chanjeni watoto, hata kwa ajili ya yule asiyefikia umri.

Divine alipotimiza miezi tisa, mama yake aligonga kwangu asubuhi, akanifungia mtoto mgongoni.

"Mupeleke weye," akasema.

Nilimpakata wakati wa sindano. Alilia kidogo, akanishika kidole. Mimi nililia mpaka muuguzi akaniuliza nani amechomwa.