Fundi Aliyesahau Pindo

Watu walimwita Fundi Futi, kwa sababu utepe wa kupimia haukumtoka shingoni, awe kwenye cherehani au katikati ya vitunguu. Alishona nguo miaka thelathini, na shambani alilima vilevile alivyoshona: matuta yamenyooka utadhani yamepigwa pasi, na ole wake aliyekanyaga mche. Ulimi alikuwa nao pia. Lakini nani asingempenda mtu anayekugombeza huku anakufungia nyanya za bure?

Mji ulipoanza kuwasogelea, mashamba ya ng'ambo ya barabara yalikatwa viwanja, na palipokuwa na maharage pakaota mageti. Fundi Futi hakukubali. Alipita nyumba kwa nyumba na mwenyekiti wa kamati ya ardhi, akiwaeleza majirani habari za mkataba wa hifadhi. Shamba linabaki lako, aliwaambia, utalima, utarithisha, hata kuuza ruksa. Ila halitakatwa viwanja wala kujengwa kamwe, na atakayekuja baada yako atafungwa na saini yako. Majirani kumi na mmoja walitia saini, yeye akiwa wa kwanza.

Mkataba uliruhusu kutenga sehemu ya makazi. Mpima ardhi alipomuuliza aache kiasi gani, Fundi Futi aliizunguka nyumba na kibanda chake cha kushonea, akaonyesha pale maji ya paa yanapodondokea.

"Weka vigingi hapa hapa."

"Mama, ongeza walau hatua kumi."

"Za nini? Mimi nimezeeka, siongezeki. Na hapo pana bamia."

Miaka sita ikapita. Binti yake wa pekee, muuguzi mjini, akapiga simu: wamechoka kupanga, mumewe anakijua kilimo, wanataka kurudi walime hapo na watoto wao watatu. Fundi Futi alifurahi hadi akaunguza gauni la mteja kwa pasi. Magoti yalikwisha kuanza kumgomea, na kwa muda mrefu alikuwa akijiuliza shamba hili atamwachia nani. Binti akaja na ramani ya kuipanua nyumba, wakapima pamoja. Nyumba ikatoka nje ya vigingi kwa hatua saba.

Binti alikaa chini kwenye tuta. "Mama, si wewe uliyenishonea sare za shule zenye pindo la kufunguliwa miaka mitatu? Sasa nyumba ndiyo hukuiachia hata kidole?"

Fundi mzima, kukata bila akiba! Aibu ilimvaa.

Mwenyekiti alikuja siku hiyo hiyo, kwa nia njema kabisa. "Dada, vigingi ni vyuma tu. Tuvisogeze, niandike kwamba mpima alikosea. Nani hapa atakunyima wewe hatua saba?"

Alitamani kukubali, usifikiri hakutamani. Lakini alikumbuka milango yote ile aliyoibisha. "Nikichukua saba, kesho mwenzangu atataka sabini, nami sitakuwa na mdomo wa kumkatalia." Akamgeukia binti. "Mwanangu, siwezi. Hata kwa ajili yako."

Binti alikunja ramani yake akaondoka bila kunywa chai.

Wiki tatu simu ikawa kimya. Fundi Futi aliendelea kumwagilia zile bamia, na alizichukia kila moja.

Kisha asubuhi moja lori likasimama mlangoni, magodoro juu, wajukuu juu ya magodoro. Binti akashuka na mumewe.

"Nyumba sina," mama akasema upesi, kabla hata ya salamu. "Vigingi viko palepale."

"Tunajua. Tutabanana humo humo, na kibanda chako tutakigeuza chumba."

"Si ulinikasirikia?"

"Sana. Nikafika nyumbani nikimlalamikia huyu mwenzangu kwamba hukunionea huruma hata mimi mwanao. Akaniuliza, kama hakukusogezea wewe, atamsogezea nani? Nikasema, hakuna. Akasema, basi shamba hilo halitakatwa kamwe; fungasha, tukalime huko."

Fundi Futi, ambaye hata siku ya kumzika mumewe alilia kwa kujificha, alikaa juu ya gunia la viazi mbele ya mkwe na wajukuu, akalia kwa sauti.