Koko Hali Mbele ya Mkwe

Uhuru ulipofika Uvira, kila mtu alikuwa na lake alilolingojea. Mwalimu wetu alingojea kiti cha direkta wa shule. Majirani zetu wa Kasenga walingojea kodi ifutwe. Baba yangu alingojea vakansi, ile likizo ya Wazungu.

Baba alikuwa fundi wa mashine za boti bandarini Kalundu. Miaka yote ya ukoloni alimwona mkubwa wake Mzungu akipanda na mke na watoto katika boti yenye nyumba juu yake, wakaenda kulala ziwani na kuvua samaki ambao hata hawakuwa na shida nao. Ilikuwa boti pana na bapa, yenye vyumba viwili vya mbao, paa la bati na jiko dogo kwa nyuma. Mzungu alipokimbilia Usumbura, upande wa Burundi, alimwachia baba ufunguo, akamwomba aitunze mashine isishike kutu. Baba akaitunza, akingoja barua iliyokuwa haiji. Kisha shule zilipofungwa, akatangaza nyumbani wakati wa chakula:

"Mashine isipotembea inakufa. Tutaenda vakansi, sisi wote. Na koko pia."

Mama aliacha kutafuna. Kwake vakansi ilikuwa kwenda Lubarika kumsaidia mama yake, huyo koko, kuvuna mpunga. Kulala juu ya maji na huku una nyumba nchi kavu aliona ni wazimu, lakini sicho kilichomshtua.

"Weye unajua vizuri kama mama hawezi kula mahali weye uko," alisema.

"Boti iko na vyumba viwili," baba akajibu, kama mtu aliyemaliza maneno.

Koko ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mama wa mama. Na kwetu, mama mkwe hali mbele ya mume wa binti yake. Asionekane akitafuna, asisikike hata kijiko chake kikigonga sahani. Mwiko huo una njia moja tu ya kuuondoa: mkwe amletee chakula alichokipata kwa mikono yake mwenyewe, cha shambani au cha porini, si cha kununua. Wanaume wengine hulimaliza jambo hilo mwaka wa kwanza wa ndoa kwa mtumba wa mihogo. Lakini baba alizaliwa mjini na mikono yake ilijua spana tu. Alimtengenezea koko baiskeli, akamtengenezea na cherehani. Koko alishukuru, akasema chuma hakiliwi. Kwa hiyo alipotutembelea Kasenga alikula kwa jirani, na sisi watoto tulizoea, kama mtu anavyozoea mlango unaokwaruza.

Kilichonishangaza mimi ni kwamba koko alikubali kuja. Alikuwa ameliona ziwa toka mbali maisha yake yote, na alitaka kujua Wazungu walikuwa wanafuata nini kule.

Tulitoka Kalundu asubuhi, tukaelekea kusini. Mama alitundika kitenge katikati ya boti, mbele upande wa baba, nyuma upande wa koko. Nikawa mjumbe, kwa sababu wakwe hao wawili hawakusemezana moja kwa moja pia.

"Uambie baba yako kama hii mashine iko inapiga kelele sana," koko aliniambia.

"Uambie koko kama mashine zote zinapiga kelele," baba akajibu kabla sijafungua mdomo.

Niliinua kitenge na kuyarudia maneno yote hivyo hivyo, neno kwa neno, nikijiona mtu mkubwa sana. Sijawahi tena kupata kazi niliyoipenda kama ile.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kila ilipofika saa ya kula tulitafuta ufukwe, koko akashuka na sahani yake, akaenda kukaa nyuma ya mawe, akala taratibu bila haraka yoyote. Baba alizunguka zunguka mashine akiguna. Alikuwa ameota vakansi ya kulala chali mchana, na sasa alikuwa akifunga na kufungua kamba kama kuli wa bandari. Jioni tulipokutana na mtumbwi wa wavuvi, niliona wazo limemwingia. Aliwanong'oneza, akawapa chumvi, wakampa mukeke mnene, samaki wa ziwa letu. Akamtundika kwenye ndoano yake, akamtumbukiza majini, akamvuta juu kwa kishindo.

"Uambie koko kama nimepata samaki!"

Nyuma ya kitenge koko alikuwa amekwisha kuchungulia.

"Uambie baba yako," koko akasema, "huyo samaki wake anapenda chumvi sana."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba naye alicheka, ila aliinamia mashine yake.

Siku ya pili upepo wa kusini ulitukuta tumepita Makobola, pale milima inaposhuka moja kwa moja majini. Baba aliiingiza boti nyuma ya rasi ya mawe, akafunga kamba, na hapo tukawa salama. Ila hapakuwa na mahali pa kushuka hata mbuzi. Mbele yetu ukuta wa mwamba, nyuma yetu mawimbi.

Mchana ukafika, tukala sisi. Koko alisema hana njaa. Jioni akasema tumbo limejaa hewa ya ziwa. Asubuhi yake upepo ulikuwa bado unavuma, naye aliinuka kwenda kunawa, akashika ukuta kwa mikono miwili, akakaa tena. Mama alitoka nyuma ya kitenge uso umebadilika.

"Mama yangu ataangukia humu," alimwambia baba. "Maji umeyavulia nguo weye mwenyewe. Uyaoge."

Baba aliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Alivua shati, akashika kamba, akaingia ziwani ili koko ale wakati yeye hayuko ndani ya boti. Mama akaharakisha ugali. Koko alikuwa amemega tonge la kwanza wimbi lilipompiga baba usoni, akakohoa kama mbuzi mgonjwa. Koko akarudisha tonge kwenye sahani.

"Mwambie apande. Minye siwezi kula na muntu anakufa maji kwa ajili yangu."

Nilimwonea huruma baba alipokuwa akipanda, maji yakimchuruzika, suruali imemganda. Nilimwogopea koko pia, na nilianza kuichukia mila yenyewe. Baba alijifuta mikono kwa shati lake. Alifungua sanduku lake la vyuma, akachukua kijiko cha kulia, akakikata mpini, akakitoboa, akakisugua kwa tupa mpaka kikang'aa. Alikuwa amewaona Wazungu wakivua na vitu vya kung'aa namna hiyo. Akakifunga ndoano, akakirusha kando ya mawe, akavuta. Akarusha tena. Alirusha mpaka jua likasimama utosini, na kila kijiko kilipodumbukia, upande wa pili wa kitenge palikuwa na mtu anayesikiliza.

Aliyekikamata kijiko alikuwa kuhe, yule samaki mkubwa wa manjano anayekaa kwenye mawe. Mshipi ulimkata baba viganja papo hapo. Mama akaruka kumsaidia.

"Asimuguse!" Ilikuwa sauti ya koko. "Iwe mikono yake!"

Mama akarudi nyuma. Kuhe akazama chini ya boti, baba akamvuta kwa nguvu zote, mshipi ukalia kwenye mbao. Kitenge kikafunguka, na koko akatoka, ameshika nguzo.

"Mukwe, mulegeze! Atakukatikia! Mulegeze kidogo, achoke yeye."

Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia anamwambia baba neno. Baba akalegeza, akavuta, akalegeza. Samaki alipopanda baba alikuwa amepiga magoti, amemkumbatia kifuani ili asiteleze. Akamweka miguuni pa koko, akageuza uso pembeni kama heshima inavyotaka.

Koko hakumtazama samaki kwanza. Alimshika baba mikono, akaigeuza viganja juu, akatazama damu ile. Kisha akainama na kukitoa kile kijiko kinywani mwa kuhe.

"Kumbe chuma kinaliwa," alisema.

Tulimpika palepale na pilipili na nyanya. Koko alikaa mkekani, akitazamana na baba, akala kichwa chote. Sisi tuliacha kula tukamtazama. Alitafuna kwa sauti kuliko mtu yeyote niliyemjua, na baba alikuwa akitabasamu kwa kila mfupa. Siku zilizobaki walipiga gumzo wao kwa wao mpaka nikakasirika, maana nilikuwa nimefutwa kazi.

Miaka michache baadaye maasi yalipofika Uvira, boti ile ilichukuliwa. Vijana waliokuja na bunduki walimtaka mwenye ufunguo, baba akautoa bila ubishi. Alfajiri moja tulikimbilia upande wa Burundi katika mtumbwi wa watu, tumebanana magoti kwa magoti. Risasi zilikuwa zikisikika mjini. Baba alikuwa amepewa kasia na hakuweza kuliacha, maana mkondo wa mto Ruzizi ulikuwa unatusukuma vibaya. Tangu juzi yake hakuwa ametia kitu mdomoni.

Jua lilipotoka, koko alifungua jani la ndizi alilolificha kifuani. Ndani yake mlikuwa na ugali baridi na ndagala kidogo, wale dagaa wa kwetu. Alinigawia mimi na mama. Kisha akamega tonge, akaliminya vizuri, akanyoosha mkono juu ya kichwa changu mpaka kwenye mdomo wa baba.

"Kula, mutoto yangu," alisema. "Weye piga kasia tu."

Alimlisha tonge moja, akala moja yeye, mpaka jani likaisha. Nilikuwa nimekaa katikati yao, na hakuna aliyenituma kitu.