Kamba Nyekundu ya Pikipiki ya Matairi Manne

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewatiisha punda wawabebe waliotutangulia katika njia hizi, na akawapa watu wa mbali akili ya kuunda vyombo vya kutubeba sisi tuliochoka magoti.

Magoti yenyewe ni ya mke wangu. Dada yake mkubwa anaishi kijijini, upande wa Goweko, kwenye njia ya mchanga ambayo bajaji huzama na bodaboda huyumba. Safari ya mwisho bodaboda ilimwangusha, akaapa hapandi tena chombo cha matairi mawili. Mwaka ukapita. Dada mtu macho yamefifia, na kila akipiga simu neno lake ni moja: "Njoo unisuke, mdogo wangu. Hawa wengine wananivuta nywele kama wanang'oa karanga."

Binti yetu aliye Dar es Salaam akasikia, akatutumia pikipiki ya matairi manne, ile ya bei nafuu inayotoka ng'ambo, ikiwa vipande vipande ndani ya sanduku la mbao. Ilifika Jumatatu. Mke wangu akampigia dada yake papo hapo: "Ijumaa nakuja!"

Kwetu kitu kipya hakiingii nyumbani kimyakimya. Jirani lazima apate chochote, hata ganda. Basi nikalifungua sanduku, nikagawa: mbao kwa jirani wa kushoto, atengeneze banda la kuku, masponji kwa jirani wa nyuma, na kwa jirani wa kulia, mama mmoja Mkatoliki anayefuga mbuzi, nikampa kamba nyekundu iliyojisokota kama waya wa simu za zamani. Niliidhani ya kufungia mzigo. Niliitoa kwa nia ya sadaka, na moyo ukafurahi.

Jumanne akaja fundi. Yeye ni Mzaramo aliyeoa hapa Tabora, kwa hiyo ni mtani wangu. Tangu babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo kichwani kuelekea pwani, Mzaramo hana adabu kwa Mnyamwezi, wala hatakiwi kuwa nayo.

"Shikamoo, mpagazi," alisema.

"Marahaba. Fanya kazi, mla nazi."

Siku mbili tulifunga matairi, usukani na breki. Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kichina, chenye picha ndogo kama sisimizi. Mwishoni zilibaki bolti tatu.

"Hizo za akiba," alisema fundi bila kunitazama. Nikamrudisha kazini mpaka kila moja ikapata tundu lake.

Alhamisi asubuhi tukatia petroli, akabonyeza stata. Injini ikazunguka, kh-kh-kh, isiwake. Akaangalia petroli: inafika. Betri: nzima. Akafungua plagi, akaigusisha kwenye chuma, nikabonyeza mimi. Hakuna cheche.

"Kuna kitu kinakata moto," alisema.

Mke wangu alikuwa mlangoni, kitana na mafuta ya nazi amekwisha kuvifunga kwenye kanga. "Baba watoto, kesho nakwenda au siendi?"

"Inshallah."

"Inshallah ya kwenda, au ya kuninyamazisha?"

Fundi akarudi kwenye zile picha, akazisogeza hadi puani. Kisha akapapasa nyuma ya kiti, akagusa kitundu kidogo. "Hapa panachomekwa kizibo chenye kamba nyekundu. Dereva hujifunga kamba mkononi; akianguka inavutwa, kizibo kinachomoka, injini inazima. Ni ya usalama. Bila hicho kizibo haiwaki. Kiko wapi?"

Kabla sijajibu, mbuzi akalia ng'ambo ya ua. Alikuwa amefungwa kwa kamba yangu, kizibo kikining'inia shingoni kama hirizi.

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. "Wanyamwezi jamani! Pikipiki unayo wewe, ufunguo umempa mbuzi! Kamwombe yule mama akurudishie."

"Siwezi. Miaka yote nafundisha madrasa kwamba anayerudia alichokitoa ni kama anayerudia matapishi yake. Leo nianzie wapi?"

"Basi niunge nyaya, itawaka bila kamba."

"Na tukianguka, injini itazimwa na nani?"

Akaziinamia tena zile picha. Nami nikainamia kile kitundu, nikifikiria dada mtu anayengoja.

Tulipoinua vichwa, mke wangu alikuwa amekwisha kufika kwa jirani na mkongojo wake.

"Dada, nimekuja kuazima kamba yako. Ni yako, jioni ya kesho nakurudishia."

"Na mbuzi nimfunge na nini?"

"Nimekuletea mtandio wangu wa zamani."

"Loo! Mwataka kumsilimisha mbuzi wangu?"

Wakacheka wote wawili, wakishikana mabega.

Kuazima! Kitabu nimekisoma tangu utotoni, lakini mlango huo aliuona mwenye magoti mabovu. Fundi akachomeka kizibo, akabonyeza mara moja, ikanguruma.

Ijumaa tulikwenda polepole, mchanga ukitupisha. Dada mtu alimpapasa mke wangu usoni, kisha akakaa mkekani mbele yake bila salamu ndefu. "Mwaka mzima," alisema. "Haya, anza nyuma." Nikawaacha, nikaenda kuswali.

Kamba tuliirudisha jioni ileile, na mpaka leo ni ya jirani. Kila tukitaka kusafiri nabisha hodi kwake, namjulia hali, nawaulizia mbuzi, ndipo naazima. Kabla ya hapo zilikuwa zikipita wiki bila kumwona.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akulainishie njia yako, akulindie magoti yako, na akujaalie jirani ambaye huoni haya kumbishia hodi. Amina.